Kitabu cha Kwanza Kishonwe na Mama

Mwezi huu tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumewaachia walimu peke yao, nalo ni vitabu vya watoto.

Tuanze kwa kuungama. Jioni moja hapa Misungwi mmoja wetu alikuwa akisonga ugali. Binti yake wa darasa la tatu alikaa karibu naye, kitabu mkononi, akisoma kwa sauti nzuri. Mama alifurahi moyoni. Kaka wa yule binti alipopita akaangua kicheko, kwa kuwa ukurasa uliofunguliwa haukuwa ule unaosomwa. Mtoto alikuwa amekariri maneno ya darasani, lakini herufi hakuzijua. Mama huyo alipotusimulia katika ushirika wetu, hakuna aliyemcheka. Kila mmoja alikwenda nyumbani akamjaribu wa kwake, na si wote tuliorudi na furaha.

Tukajiuliza, je, nyumbani mwetu mna nini cha kusomwa? Tulihesabu tukapata Biblia, kitabu cha nyimbo, kalenda ya ukutani na madaftari ya zamani. Nayo madaftari tulikuwa tukiyachana kuwashia moto, au kuwapa wauza karanga wafungie. Tunamlaumu mtoto kwamba hapendi kusoma, kumbe hatujampa kitu cha kukipenda.

Lakini hadithi tunazo. Katika Usukuma ni nani asiyemjua Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote wa nchi? Alisalia mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa, na kijana huyo alipopata akili akauliza watu wengine wako wapi. Akatoka kuwinda. Alileta panzi akauliza kama ndilo zimwi lenyewe, mama akasema silo. Akaleta ndege, mama akasema bado. Mwisho alilikuta zimwi lenyewe akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai. Mapadri na makatekista wa huku wameitumia hadithi hiyo kumweleza Kristo, anayewatoa watu katika tumbo la mauti.

Sisi tuliipata kwa bibi zetu, huku tukitafuna michembe. Watoto wetu wengi wameisikia nusu tu, maana jioni za siku hizi zimechukuliwa na simu na televisheni. Jambo lisiloandikwa hupotea upesi. Tazameni kivuko cha Kigongo kwenda Busisi. Sisi tulisubiri pale saa nyingi, na wagonjwa, na mizigo, na watoto mgongoni. Mwaka 2025 Daraja la J. P. Magufuli lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na gari linavuka kwa dakika chache. Tunamshukuru Mungu. Lakini mtoto anayezaliwa leo atajuaje jinsi mama yake alivyokesha ukingoni mwa ziwa, kama hakuna aliyeandika?

Jambo hilo lilimsumbua mzee mmoja wa ng'ambo ya ziwa letu, Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Yeye na mkewe Anna walizika watoto wao wakiwa wachanga. Hata hivyo hakuacha kuwafikiria watoto wa wenzake. Alitaka vijana wa Kikerewe wajue jinsi wazee wao walivyoishi, walivyolima, walivyooana na walivyouguzana. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kitabu kikubwa kwa Kikerewe, juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliopendana ingawa walikaa muda mrefu bila mtoto. Hakupatikana wa kukichapa. Mzee huyo akakaa chini akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Dada zetu, miaka 35 alisubiri! Sisi tunachoka baada ya jioni tatu.

Pengine mtasema, yeye alikuwa mwanamume tena msomi wa seminari. Basi tumtazame mwanamke. Elieshi Lema, aliyezaliwa mwaka 1949 mkoani Kilimanjaro, amewaandikia watoto wa Tanzania vitabu vya Kiswahili, na mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya kuchapa vitabu, E & D, mjini Dar es Salaam. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Wachapaji walikuwa wakiogopa kuchapa vitabu vya watoto kwa sababu wanunuzi walikuwa wachache, basi mradi ukawa unanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Kwa njia hiyo waandishi na wachoraji wa hapa nchini wakapata kazi, na watoto wakasoma juu ya mbuzi, mihogo na bibi anayefanana na bibi yao.

Tena, mama zetu wa kanda hii si wageni wa kalamu. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, uliongozwa kutoka Mwanza. Watu wazima walijifunza kusoma kwa masomo ya kazi zao wenyewe, kama vile kilimo cha pamba, uvuvi na malezi ya nyumbani. Siri ya mafanikio yao ilikuwa kuanza na jambo ambalo mtu analijua tayari. Siri hiyo yafaa hata kwa watoto.

Basi tulifanya hivi, nanyi mnaweza kufanya. Chukueni karatasi nne safi, mzikunje katikati, mzishone kwa sindano na uzi kwenye mkunjo. Mtapata kurasa kumi na sita. Jalada likatwe kwenye boksi la dukani, na kubandikwa kwa gundi ya unga uliopikwa. Mwacheni mtoto asimulie mwenyewe, nanyi mwandike maneno yake yale yale, sentensi moja fupi kila ukurasa, kwa herufi kubwa. Chini yake achore. Mama asiyejua kuandika asione haya. Yeye asimulie, na mtoto mkubwa aandike.

Ila kuna hatari ya kurudia kosa letu la kwanza, kwa kuwa mtoto atakikariri hata kitabu hicho. Kwa hiyo andikeni maneno ya ukurasa mmoja kwenye vipande vya karatasi, mvichanganye, naye avipange upya. Akiweza kuvipanga, amesoma. Akishindwa, msimkaripie. Rudini pamoja naye, neno kwa neno, kidole kikifuata.

Mume wa mmoja wetu alinuna alipoona madaftari yanakatwakatwa. Akasema hiyo ni kazi ya wasio na kazi. Jioni ya pili alisikia watoto wakisoma kitabu cha kivuko, akawakatiza: "Hapana, siku ile hatukusubiri saa mbili. Tulilala pale." Akakaa kitako akasimulia mwenyewe mpaka taa ikazimwa. Kitabu kile sasa kina kurasa nyingine nane.

Na yule binti wa darasa la tatu? Tusiwadanganye kwamba amekuwa msomaji hodari kwa mwezi mmoja. Bado anakwama kwenye maneno marefu. Lakini Jumapili iliyopita mama yake alimkuta amejificha nyuma ya ghala, anamsomea mdogo wake habari za panzi wa Masala Kulangwa, na kidole chake kilikuwa juu ya neno lenyewe.

Mtume Paulo alipomkumbuka Timotheo hakumsahau bibi yake Loisi wala mama yake Eunike. Imani ilianza kwao, na tangu utoto Timotheo aliyajua Maandiko. Je, watoto wetu watayasomaje Maandiko hayo kama herufi zenyewe hawazijui? Hilo ndilo linalotupa hofu kuliko cheti cha shule.

Mwezi huu basi, kabla hamjawasha moto kwa daftari la zamani, tazameni kama lina kurasa tupu. Ng'oeni hizo kwanza. Kisha mwiteni mtoto, mmwulize: "Leo utanisimulia nini?"

Bwana awabariki pamoja na nyumba zenu.