Banda la Ukingoni mwa Bahari



Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono huchukua miezi miwili, pengine mitatu, hadi ikamilike. Kuipeperusha ni kazi ya dakika moja. Shangazi yangu alipeleka kofia saba kwenye maonyesho ya kazi za mikono, akapangiwa nafasi ya mwisho, ukingoni kabisa mwa bahari. Alasiri turubai liling'oka, na kofia mbili zikaelea majini tukizitazama. Moja iliopolewa, imelowa maji ya chumvi na kupoteza umbo. Kwa wapita njia zilikuwa kofia mbili tu. Kwake zilikuwa sehemu kubwa ya karo ya muhula.

Upepo ulilaumiwa sana siku ile. Kwa maoni yangu, lawama ilikuwa ya kamba zetu. Tulifunga mawe kwenye miguu ya nguzo, chini, na upepo ulipoingia ndani ya turubai uliliinua kichwani na kulipindua. Uzito hufungwa juu, pale nguzo inapokutana na paa, kisha kamba ikateremka hadi kwenye mzigo uliotua chini. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20, nalo hupatikana kila nyumba. Moja kwa kila nguzo ndicho kiasi cha chini kabisa. Kwenye sakafu ya mawe vigingi haviingii. Kwenye mchanga, kama ule wa Shela, huingia kwa urahisi na kutoka kwa urahisi uleule: afadhali ujaze gunia mchanga, ulifunge kamba, ulizike.

Mvua nayo ina hila yake. Tamasha la utamaduni la Lamu kwa kawaida huwa Novemba, na Novemba ni vuli. Maji yakituama juu ya turubai kwa kina cha sentimita 5, kila mita moja ya mraba hubeba kilo 50. Simamisha mti katikati ili paa liinuke na maji yateremke. Mikeka ya ukindu iliyotiwa rangi iwekwe mbali na matone, maana rangi hutoka na kuchafua mkeka wa jirani, na hapo huanza ugomvi usioisha.

Kuhusu maji ya bahari, sisi tuna bahati ya kuhesabu miezi kwa mwandamo. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maulidi ya Lamu hufikia kilele Alhamisi ya mwisho ya Mfunguo Sita. Alhamisi hiyo yaweza kuwa tarehe 24, wakati wa maji mafu, au 29, bamvua linapokaribia. Banda lililokuwa pakavu mwaka jana laweza kurushiwa maji mwaka huu, mahali ni palepale. Tazama tarehe kabla ya kutandika kitambaa chini.

Jua sitalisemea sana. Mbao ambayo haijakauka vyema hupasuka ikianikwa kutwa, na mchongaji hulijua hilo kuliko mimi.

Linaloniudhi ni kwamba ada ya banda ni moja, uwe chini ya kivuli cha mti au umekabidhiwa ukingo wa bahari. Wazoefu hufika siku moja kabla, wakasimama mahali pao saa ya alasiri kuonja upepo. Wageni hufika asubuhi wakiwa na mizigo kichwani, wakachukua kilichobaki.

Shangazi bado anashona. Siku hizi huweka kofia moja tu mezani, juu ya faroma iliyofungwa kwa uzi. Zilizosalia hukaa sandukuni, na mnunuzi akiuliza humtolea moja baada ya nyingine. Juzi amenituma nikaulize nafasi zitagawiwa lini, akaniagiza niwaambie waandaaji kuwa ile ya ukingoni haitaki hata kwa bure.