KAZI NA FUNDI: Lori la Zamani, Lirefushwe Kiasi Gani?

Swali la juma hili limetufikia kutoka Luberizi, katika bonde la Ruzizi. Jamaa kadhaa wa huko wamechanga fedha zao, wakanunua lori kuukuu lililokuwa la jeshi, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Injini ingali nzima, bali karoseri imeoza. Wataka kulijengea karoseri mpya, wapate kupeleka mpunga, mahindi na mihogo soko la Uvira, na kupanda mara kwa mara hadi Lemera. Fundi wao amewashauri waikate chesisi na kuirefusha ili magunia mengi zaidi yapate nafasi. Nusu ya jamaa wamekubali, nusu wanaogopa. Watuuliza: je, ni nani asemaye kweli?

Kwanza tuelewane juu ya kipimo chenyewe. Atazamaye karoseri tu hajapima kitu. Kipimo kikubwa ni nafasi iliyopo kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma, yaani toka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma la upande uleule. Lori la jamaa hawa lina sentimita 360. Fundi ataka ziwe 480.

Hata wenye viwanda walitafuta muda mrefu katika jambo hili. Land Rover ya kwanza, iliyotoka Uingereza mwaka 1948, ilikuwa na inchi 80, ndiyo sentimita 203, kipimo kilekile cha Jeep ya vita. Mwaka 1954 zilikuja aina mbili, fupi na ndefu, na baadaye vipimo vikatulia kwenye inchi 88 na inchi 109, yaani sentimita 224 na 277. Toyota Land Cruiser zile ndefu za namba 75 na 78, ambazo wasomaji wetu wamezizoea sana, zina sentimita 298. Wajenzi hao walitambua ya kwamba hapana urefu mmoja ufaao kila njia na kila mzigo.

Tuwe waadilifu kwa huyo fundi: urefu una faida zake. Lori refu hutulia katika njia iliyonyoka, halirushi watu sana katika mabonde, na likipanda mlima uzito wake hauhamii nyuma kwa wepesi kama wa lori fupi. Kama jamaa hawa wangeishi katika nchi ya tambarare tupu, yenye barabara nzuri, tusingekuwa na neno kubwa.

Lakini sote twaijua njia yetu. Mito ishukayo toka milima ya magharibi huikata barabara kila majira ya mvua. Mafuriko ya Aprili 2020 huko Uvira yalivunja hata madaraja. Dereva hulazimika kushuka mfereji na kupanda ukingo wa pili, na hapo tumbo la lori ndilo lenye kujaribiwa. Tuseme ya kwamba chini ya tumbo hilo pana sentimita 40. Katika lori la 360, toka gurudumu hadi katikati ni sentimita 180. Basi litavuka kilele kinachoinuka 40 katika 180. Likirefushwa hadi 480, sentimita zilezile 40 zagawanywa katika 240, na kilele lilichokivuka jana kwa urahisi leo kitalishika tumboni, magurudumu yakielea. Kuvuta kwa magurudumu manne hakusaidii kitu hapo.

Na kona je? Wanafunzi wa sekondari watuhesabie. Gurudumu la mbele likikatwa kwa nyuzi 30, mduara linaouchora una nusu-kipenyo cha nafasi ya ekseli mara mbili, kwa kuwa sine ya nyuzi 30 ni nusu. Lori la 360 lataka mita 7 na sentimita 20. La 480 lataka mita 9 na sentimita 60. Tena magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele, bali huikata kona kwa ndani: katika mduara huo, karibu mita 1 kwa lori la kwanza, karibu mita 1.3 kwa la pili. Aliyepita mlima wa Ngomo akielekea Bukavu hahitaji kuelezwa maana ya sentimita 30 kwenye ukingo wa korongo.

Sasa tuje kwenye magunia, maana ndiyo yaliyozaa swali hili. Lori hili limeandikwa tani 5. Kuirefusha chesisi hakuongezi hata kilo moja katika idadi hiyo: springi ni zilezile, ekseli ni zilezile, breki ni zilezile. Tani 5 ni magunia 50 ya kilo 100, nayo yakipangwa matabaka matatu yaenea katika karoseri ya kawaida ya lori la 360. Basi ule urefu mpya utabeba nini? Utabeba tamaa. Sanduku likiwa na nafasi tupu, mwenye mzigo atasema, «Ongezeni kumi tu,» na juu ya kumi hizo watapanda akina mama na watoto wao waendao sokoni. Amri ya Tano haikuandikwa kwa ajili ya wenye silaha peke yao. Medali ya Mtakatifu Kristofa kwenye kioo cha dereva ni jambo jema, lakini haipunguzi uzito wa magunia.

Huenda wengine watasema: tuziache ekseli mahali pake, turefushe karoseri tu kwa nyuma, ni rahisi. Hilo ni baya kupita lile la kwanza. Ukiweka kilo 1,000 sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika lori la 360, ekseli ya mbele yaondolewa kilo 250, nayo ya nyuma yaelemewa na 1,250. Ni mizani tu, kama ile ya sokoni. Katika mpando wa Lemera magurudumu ya mbele yatakuwa mepesi. Dereva atazungusha usukani na lori halitamsikia.

Kuhusu kukata chesisi, tuseme machache. Sehemu ikatwayo, kati ya kebini na ekseli ya nyuma, ndiyo yenye kupindwa sana na mzigo. Mshono uliochomelewa wima, pasipo bamba la kuutia nguvu kwa ndani, hufunguka polepole bila kuonekana chini ya rangi. Chuma cha chesisi nyingine kilikomazwa kwa moto kiwandani, na moto wa kuchomelea hukilegeza tena. Shafti ya nyuma nayo ikirefushwa hutikisika ikizunguka upesi, hata ipewe beringi ya katikati. Na mabomba ya breki yatengenezwe upya yote, si kuunganishwa vipande.

Kwa hiyo jibu letu kwa jamaa wa Luberizi ni hili: wenye hofu wasema kweli. Bakini na 360. Jengeni karoseri ambayo katikati yake iko mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na mbao za pembeni ziwe fupi, zisizokaribisha tabaka la nne. Ikiwa siku moja mtaacha njia ya Lemera, mkabeba vitu vyepesi vyenye kujaza nafasi, kama makaa au magodoro, tafuteni chesisi ndefu ya lori la namna ileile iliyotoka kiwandani hivyo. Na kabla ya kumlipa fundi yeyote, lipelekeni lori tupu kwenye mfereji mbaya kupita yote mnaoujua, mtu mmoja apige magoti kando yake na kutazama ni vidole vingapi vimebaki chini ya tumbo.

Swali la springi lililotoka Kiliba tutalijibu juma lijalo.