Joto, Jotoridi na Paja la Nguruwe

Huko Marekani familia nyingi huadhimisha Krismasi na Pasaka kwa paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, likapakwa sukari na asali mpaka likang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Wapishi wengi siku hizi hawalitii katika oveni. Hulitia katika chungu cha umeme, yaani chombo cha kauri kilichozungushiwa waya wa kupashia moto, kikafunikwa na kuachwa peke yake kwa saa nyingi hali mwenyewe yuko kazini. Nyama hutoka laini. Lakini lile ganda la sukari, ambalo ndilo pambo la karamu, hutoka limerojeka na kupauka, na mpishi humlaumu aliyetengeneza chungu.

Mtengenezaji hana kosa. Lawama, kama ipo, ni ya somo la Fizikia ambalo mpishi huyo alilipita bila kulielewa. Na hapa Afrika Mashariki somo hilohilo hupitwa kila siku, kwa hasara kubwa kuliko sukari iliyokataa kuwa nyekundu.

Chombo chenyewe kina historia ya kupendeza. Irving Naxon, mvumbuzi wa Marekani, alipewa hataza yake mwaka 1940. Husimuliwa kwamba wazo alilipata katika masimulizi ya nyumbani kwao juu ya cholent, chakula cha Wayahudi wa Vilna. Chakula hicho kilipelekwa Ijumaa jioni kwenye tanuri la mwoka mikate, kikaiva polepole usiku kucha kwa joto lililosalia, kwa kuwa dini inakataza kuwasha moto siku ya Sabato. Kampuni ya Rival iliinunua biashara ya Naxon mwaka 1970, na mwaka 1971 ikakitoa chombo hicho kwa jina la Crock-Pot. Hivyo chombo kilichotokana na mila ya watu wasiokula nguruwe ndicho leo kinachompika. Msomaji naye asiyemla mnyama huyo na aweke mguu wa mbuzi mahali pake, hoja haibadiliki.

Ugumu wa nyama hutokana kwa sehemu kubwa na kolajeni, protini inayofunga misuli pamoja. Kolajeni ikikaa majimaji kwa jotoridi la nyuzi 70 za Sentigredi au zaidi, hugeuka taratibu kuwa jelatini, na nyama hulainika. Kazi hiyo haidai moto mkali, hudai muda. Ndiyo maana chungu cha wati 200 au 300 tu, ambacho hakifikishi hata nusu ya nguvu ya pasi ya umeme, huweza kuifanya.

Wekundu wa ganda ni kazi ya namna nyingine kabisa. Sukari ya miwa huanza kugeuka karameli karibu na nyuzi 160. Mmenyuko wa sukari na asidi za amino, ulioelezwa na Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912, nao huenda kwa kasi kuanzia nyuzi 140 hivi. Ndani ya chungu chenye mvuke na mchuzi, jotoridi haliwezi kupita nyuzi 100, hata kama nyama itakaa humo mpaka kesho. Hapana budi paja litolewe, likaushwe, lipakwe sukari, kisha liingizwe katika oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 10 au 15. Maelezo ya upishi yanayoahidi ulaini na wekundu katika chungu kimoja chenye maji hayasemi kweli.

Sasa na atazamwe mwanafunzi wa kidato cha tatu. Katika mtihani ataandika bila kusita kwamba maji yanayochemka hayapandi jotoridi, na kwamba joto fiche la kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke ni kilojuli 2,260. Atapata alama zote. Jioni atarudi nyumbani, atakuta maharage yanatokota, naye atayapepea makaa kwa nguvu ili chakula kiive upesi! Hakiivi upesi. Kuifikisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji kilojuli 315 hivi, lakini kuigeuza yote kuwa mvuke huhitaji mara saba ya hizo. Makaa yaliyoongezwa yamepanda hewani pamoja na mvuke. Mbeya au Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo maharage huchelewa zaidi na kishawishi cha kuongeza kuni huwa kikubwa zaidi. Kinachopandisha jotoridi hapo ni sufuria ya mgandamizo, kuni haziwezi.

Wapo wasemao kwamba mambo ya jikoni ni ya Sayansi Kimu, na kwamba maabara ya Fizikia ina heshima yake. Heshima gani hiyo, ikiwa mti unakatwa ili kuchemsha kile ambacho tayari kinachemka? Kikapu kilichojazwa nyasi kavu au mablanketi hufanya kazi ya chungu cha umeme bila umeme. Uingereza wananchi walihimizwa kutumia sanduku la namna hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Hata hivyo upishi wa polepole una hatari zake, na mwalimu asizifiche. Kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria huzaana upesi, kwa hiyo nyama iliyoganda kwa barafu haifai kutiwa moja kwa moja katika chombo kinachopata moto taratibu. Maharage mekundu nayo yana sumu iitwayo fitohemaglutinini, ambayo nyuzi 80 haziiharibu, bali zaweza kuizidisha. Yalowekwe kwa saa tano au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya. Dakika 10 ni za lazima, na mamlaka ya chakula ya Marekani hushauri 30. Baada ya hapo ndipo yaingie kikapuni.

Jaribio linalofaa ni rahisi. Sufuria mbili sawa, maharage ya kiasi kimoja yaliyolowekwa pamoja, na mkaa uliopimwa kwa mizani. Moja ibaki jikoni mpaka yaive; nyingine ichemshwe nusu saa, ifunikwe, iwekwe kikapuni mpaka mchana, na kipimajoto kisomwe kila saa. Mkaa uliobaki upimwe mbele ya darasa, na maharage ya sufuria zote mbili yaonjwe.