Kukata kwa Aina Tatu: Uvimbe na Deni la Wanaisimu

Miongoni mwa maradhi yanayodhihirisha gharama ya neno lisilotosheleza ni sarkoma ya tishu laini, yaani saratani inayoota katika misuli, mafuta au mishipa. Ukiiondoa ile ya Kaposi, ambayo imezoeleka zaidi Afrika Mashariki, maradhi haya ni adimu: takribani 1 tu kati ya saratani 100 za watu wazima. Aidha, uvimbe mwingi wa chini ya ngozi ni wa mafuta tu, usio na madhara. Kwa hiyo uvimbe wa paja usiouma huweza kupuuzwa kwa muda mrefu. Hata hivyo, uliozidi sentimita 5, uliozama misulini, unaoendelea kukua au uliorudi baada ya kuondolewa wastahili kuchunguzwa haraka.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Mkulima wa Molo au Subukia afikapo hospitalini Nakuru, huenda akaambiwa kwamba "atakatwa". Kitenzi hicho kimebeba mambo matatu: kuchukua kinyama kidogo kikapimwe maabarani; kuondoa uvimbe wote pamoja na sehemu ya nyama nzima inayouzunguka; na kukata kiungo. Daktari akikusudia la kwanza, mgonjwa husikia la tatu. Akitoroka, ugonjwa hupata nafasi ya kufika mapafuni.

Wapo pia wanaoamini kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Imani hiyo ina chembe ya ukweli: uvimbe ulioondolewa ovyo, kabla ya kupimwa, huweza kuacha mabaki yakaota upya. Kinyama kilichochukuliwa kwa mpango ndicho huonyesha iwapo upasuaji utatosha au utahitaji kuongezewa mionzi na dawa.

Huenda ikadaiwa kwamba istilahi za Kiingereza zinatosha. Naam, zinamtosha daktari. Lakini Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, na Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Chuo Kikuu cha Egerton hufunza Kiswahili Njoro, na huwaandaa madaktari mjini Nakuru. Masafa hayo ni mafupi. Wanaisimu na wanatiba wakiketi pamoja, waafikiane kwanza juu ya semi tatu: kuchukua kinyama, kuondoa uvimbe, kukata kiungo. Hizi si istilahi za kufungiwa kamusini. Ni maneno ambayo mgonjwa atayatumia kuuliza, kabla ya kutia sahihi, "Ni lipi kati ya haya matatu?"