Daktari wa Meno Afunzwe Kuhudumia Wote

Tangu mafunzo ya udaktari wa meno yaanzishwe Muhimbili mwaka 1979, Taifa halitegemei tena vyuo vya ng'ambo pekee. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, shahada pekee haitoshi kumtibu mwananchi.

Daktari anayepangiwa kazi Sumbawanga hukutana na bibi kutoka vijijini Ufipa anayeeleza maumivu yake kwa Kifipa. Kiziwi asiyeweza kusoma midomo iliyofunikwa kwa barakoa. Na mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kutuliza kichwa. Kwa wagonjwa hao, kung'oa jino ni njia nyepesi, lakini si lazima iwe njia ya haki.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kupata huduma za afya. Haki hiyo itabaki karatasini iwapo itafundishwa kwa mihadhara tu. Mwanafunzi hana budi kupelekwa mikoani chini ya usimamizi wa mwalimu, ajifunze lugha ya alama na kumshirikisha mzazi, kisha atahiniwe katika hayo kabla ya kufuzu.

Jasho la mkulima wa mahindi wa Ufipa nalo linamsomesha daktari huyo. Ni wajibu wake kuweza kumtibu mkulima huyo, pamoja na mwanawe asiyesikia.