Barua kutoka Ughaibuni: Gari Lichajiwe kwa Mwendo wa Jua

Kwa ndugu wa Bunju, Tegeta, Mbagala na Chamazi,

Gari la umeme linalochajiwa kwenye nyumba yenye sola lina vyanzo viwili vya umeme: paneli za juu ya paa na uniti za LUKU. Kinachoamua gari litumie umeme upi ni kiasi cha ampea kilichowekwa kwenye chaja. Ampea zikizidi kile ambacho paa linatoa saa hiyo, pengo linajazwa na LUKU kimyakimya. Zikiwa chini mno, umeme wa jua ambao mwenye nyumba ameshaugharamia unapotea bure. Kuzipanga ampea zilifuate jua ni kazi ndogo, na faida yake huonekana kila mwezi kwenye matumizi ya tokeni.

Bei ndiyo sababu ya kwanza. Kwa agizo la EWURA la mwaka 2016, lililodumu kwa miaka mingi, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa kulipa shilingi 100 kwa uniti. Mteja wa matumizi ya kawaida alipangiwa shilingi 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, hiyo 292 inakuwa takriban shilingi 356. Gari linalotembea kilomita 50 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hula karibu uniti 220 ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji. Gari peke yake, kwa hiyo, linaitoa nyumba kwenye bei ya matumizi madogo na kuongeza matumizi ya takriban shilingi 78,000 kwa mwezi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeipa nchi umeme mwingi, lakini uniti inayofika nyumbani bado inalipiwa. Uniti ya paa haina tokeni.

Jua lenyewe ni la kutosha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na kila kilowati moja ya paneli hutoa wastani wa uniti 4 kwa siku. Uzalishaji huanza polepole asubuhi, hupanda kati ya saa nne na saa tisa mchana, kisha hushuka. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mawingu huupunguza sana.

Ichukuliwe nyumba ya Chamazi yenye paneli sita za wati 550, yaani kilowati 3.3. Saa tano asubuhi, siku isiyo na mawingu mengi, paa linatoa kilowati 2.3. Friji, feni na televisheni vinatumia kilowati 0.35. Gari likiwekwa ampea 16 kwenye umeme wa volti 230, linavuta kilowati 3.68. Nyumba nzima sasa inahitaji zaidi ya kilowati 4, na kilowati 1.73 zinatoka LUKU. Kwa saa tatu, hizo ni uniti 5 na ushei, karibu shilingi 1,850, ilhali jua linawaka juu ya paa. Gari hilohilo likiwekwa ampea 8 linavuta kilowati 1.84, na mita ya LUKU inatulia. Likiachwa hivyo kwa saa tano linavuta uniti 9.2, na baada ya upotevu linabaki na umeme wa kutembea kilomita 50 hivi, unaotosha kwenda Posta na kurudi. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo kushusha ampea kuna kikomo. Kiwango cha kimataifa cha chaja za magari hakiruhusu kwenda chini ya ampea 6, sawa na kilowati 1.38 kwa nyumba ya fezi moja. Paa likitoa pungufu ya hapo, chaja husimama au hukopa LUKU. Isitoshe, vifaa vya ndani ya gari hula umeme wao muda wote gari linapochaji, hivyo kasi ndogo kabisa ina upotevu mkubwa zaidi kwa kila uniti. Ampea 6 zinafaa asubuhi na alasiri. Mchana, paa likiruhusu, ampea 8 au 10 ni bora.

Njia za kupanga ampea ni tatu. Ya kwanza ni kwa mkono: chaja nyingi za kubeba zina kitufe cha kuchagua ampea 6, 8, 10, 13 au 16, na mwenye gari huangalia kioo cha inveta kisha akachagua. Ya pili ni saa ya kuwashia: gari au chaja hupangiwa kuanza saa nne asubuhi na kuacha saa tisa. Ya tatu ni chaja inayojirekebisha yenyewe. Kipima mkondo hubanwa kwenye waya mkuu unaotoka kwenye mita, na kila baada ya sekunde chache chaja hupandisha au kushusha ampea kulingana na ziada iliyopo. Wingu likipita, chaja nzuri husubiri dakika kadhaa kabla ya kuzima, ili swichi za gari zisichakae kwa kuwashwa na kuzimwa ovyo.

Nyumba yenye betri inahitaji mpangilio wa zamu. Betri ya uniti 5 ikiachiwa gari, jioni umeme ukikatika familia inakaa gizani. Ijazwe kwanza betri ya nyumba, gari lifuate kwa ziada. Kurudisha ziada kwenye gridi nako kunahitaji kibali na mita ya pande mbili. Baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia, na mteja akajikuta analipia umeme aliouzalisha mwenyewe. Inveta ipangwe isirudishe kitu hadi TANESCO ifunge mita inayostahili.

Usalama hauna mjadala. Soketi ya kawaida ya ampea 13 haikutengenezwa kubeba mzigo wa gari kwa saa sita mfululizo; hupata moto, hulegea na huweza kuunguza ukuta. Gari liwe na waya wake na breka yake kutoka kwenye ubao mkuu, vifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na ethi ipimwe. Chaja ikikataa kuwaka kwa kukosa ethi, dawa ni kurekebisha ethi, kamwe si kuidanganya chaja.

Kwa bajaji za umeme, ambazo ndizo nyingi mitaani, chaja mara nyingi haina kitufe cha ampea. Huko kinachopangwa ni saa: dereva anayepumzika mchana achaji wakati huo, na zikiwa bajaji mbili zipeane zamu.

Ujerumani imelipitia jambo hili. Mwaka 2004 mwenye sola ndogo ya paa aliuza uniti kwa senti 57.4 za euro, na aliyekuwa na paneli aliuza yote. Miaka ishirini baadaye bei hiyo ilikuwa karibu senti 8, huku uniti ya kununua ikizidi senti 30. Wenye nyumba wakaanza kuyachaji magari yao kwa ziada ya mchana. Dar haina haja ya kungoja miaka ishirini.

Basi anayejiandaa kununua gari la umeme na ahakikishe mambo matatu kabla ya kulipa: chaja inayoshuka hadi ampea 6, inveta inayoonyesha ziada ya kila saa, na ethi iliyopimwa. Aliye na gari tayari na ashushe ampea kesho saa nne asubuhi, kisha aitazame mita ya LUKU.

Ndugu yenu,
Mwana wa Temeke aliyeko Freiburg, Ujerumani