Waru Juu ya Waru Inaua Shamba

Wasee wa "ekari moja, milioni moja", leo ni zamu yenu.

Kila wiki mnaposti video ya magunia ya waru na hesabu tamu. Hakuna anayesema hilo shamba lilipandwa nini msimu uliopita. Mimi pia hutengeneza video, najua hesabu ya faida inavuma kuliko hesabu ya udongo. Lakini kuna watu wanachukua mkopo wa simu kwa sababu yenu.

Iko hivi. Waru ina ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na bakteria. Hauna dawa ya kupuliza. Unajificha kwa udongo, na kila ukirudisha waru, nyanya au pilipili hapo, unaulisha. Kata shina la mmea ulionyauka, uliweke kwa glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ndio huo.

Sasa, shayiri. Mau Narok, Molo na Timau wanaijua. Ni nafaka, hiyo bakteria hainawiri kwake. Mahindi pia ni nafaka, lakini huko juu kwa baridi yanaweza kukaa shambani miezi minane. Shayiri inakomaa kwa karibu minne, na mabua yake ng'ombe wanakula. Msimu mmoja hautoshi, lakini. Fuatisha kabichi au minji, ng'oa waru zinazojiotea, ndio urudi na mbegu safi.

"Lakini shayiri ni ya pombe." Nyingi huishia kwa bia, kweli, na wanunuzi wakubwa ni wachache, kwa hivyo jua nani atanunua kabla ya kupanda. Pia haitakupa doh ya waru bei ikiwa juu. Sawa. Waru iliyooza nayo ni bei gani?

Na wewe wa town mnaokodisha shamba la ushago msimu kwa msimu, hujapona. Mpangaji wa miezi minne hana sababu ya kulinda udongo wenu. Atavuna waru, aende, awaachie mnyauko. Mpeni miaka mitatu, mwandike mzunguko wa mazao kwa mkataba, hata kama kodi itashuka kidogo.

Video ingine ya milioni moja ikitokea, uliza hapo kwa maoni: msimu uliopita palikuwa na nini? Halafu hesabu wangapi watakujibu.